Farasi wa Kwenye Jalada

Kwa dada yangu Jhamki,

Natumaini barua hii itakukuta umelala kitandani kama daktari alivyoamuru, si umeinama jikoni ukisingizia kwamba shemeji Virsing hajui kupika. Mimi ni mzima wa mwili. Ma hajambo, magoti yanamsumbua lakini ulimi haujapungua kitu. Mvua haijakatika tangu juzi, mahindi yamenipita kimo, na ng'ombe wetu mwekundu amezaa jike. Je, mtoto anacheza tumboni? Naomba unijibu hilo kabla ya yote.

Ndani ya bahasha utakuta kijitabu. Ndicho kile nilichokuambia wakati wa sikukuu ya Holi, kwamba ofisi ya utalii imenichagua mimi, mwalimu wa watu, niandike habari za wilaya yetu ya Amlipura kwa ajili ya wageni. Usinicheke. Nimeandika kwamba barabara ya kwetu inapitika mwaka mzima, na wewe ndiwe uliyeacha ndala zote mbili kwenye tope lake siku ya harusi yako. Nimesifu maporomoko, soko la Jumamosi, mikate yetu ya mahindi, na nyumba tano za kulala wageni, ambazo mbili bado hazina milango. Bwana Vyas, afisa anayesimamia kazi hiyo, alikuwa ananirudishia karatasi kila mara, eti mwalimu, hapa umeandika kama polisi, mgeni anataka kutamanishwa. Basi nikatamanisha.

Ikabaki picha ya jalada. Bwana Vyas alitaka mmoja wa wale farasi wa udongo wa kwenye kichaka cha mungu wa mlima. Mpiga picha alitoka mjini Vadodara na viatu vyeupe pee. Alipoambiwa kwamba kichakani hakuingiwi na viatu, akalitazama tope, akasema yeye hashuki garini, kisha akauliza kama farasi hawezi kuja mwenyewe. Watu wakacheka, nami nikacheka. Halafu nikavua viatu, nikaenda, nikarudi na farasi mmoja nimemfunga kwenye shuka langu.

Najua kwamba hapo umeinuka ukakaa. Tafadhali lala. Tumekua wote tukiambiwa kwamba farasi akishawekwa pale hanyanyuliwi. Anabaki na nadhiri ya aliyemweka mpaka mvua imrudishe kuwa udongo. Nilijiambia ni saa moja tu. Lakini Bwana Vyas alimpenda, akamweka kwenye meza ya mapokezi ili wageni wampige picha, nami nikaona haya kumwomba anirudishie. Leo ni miezi miwili.

Kijitabu kilipotoka nilimficha Ma, lakini jirani yetu Sanki akamletea. Ma hajui kusoma, unamjua. Alilitazama jalada muda mrefu, akauliza kama kweli mwanawe ndiye aliyeandika yote haya, kisha akakiweka kwenye kishubaka cha miungu. Tangu siku hiyo, asubuhi na jioni, anakiwashia taa. Nilivimba kichwa, dada. Niliwaambia hata walimu wenzangu kwamba mama yangu anakiombea kitabu changu.

Jumatatu ikaja barua ya shemeji, kwamba umetoka damu na daktari amekulaza. Nilimsomea Ma. Hakulia. Alikwenda kuwasha taa ingawa ilikuwa mchana, akaligusa jalada kwa kidole, pale kwenye sikio la farasi lililomeguka. Ndipo nilipojua alikuwa anaomba kwa nani.

Litazame jalada, dada. Huyo ni farasi wako. Ndiye yule ambaye Ma alimbeba kichwani kwenda kumwekea nadhiri ulipotuandikia kwamba una mimba tena, baada ya wale wawili tuliowapoteza, akateleza kijitoni na sikio likameguka. Wala sikumchukua kwa bahati mbaya. Nilimjua. Niliogopa ugomvi nikichukua wa mtu mwingine, nikasema moyoni huyu ni wa kwetu, hakuna atakayenidai. Wewe na mtoto wako niliwaweka katika hesabu ya watu wasiodai. Nisamehe, dada. Sijui kama nadhiri inazuia damu. Darasani nafundisha mambo ya moyo na mishipa. Ila tangu Jumatatu siwezi kukaa. Nasimama mlangoni nisijue nilikuwa natoka au naingia.

Leo asubuhi nimekwenda ofisini nikamnyanyua farasi mezani mbele ya wageni wawili. Bwana Vyas akaniuliza kama nimerukwa na akili, akasema nikivuka mlango naye, kazi ya ofisi hii niisahau, na chapa ijayo ya kitabu haitakuwa na jina langu. Nikamwambia alifute. Farasi nimemleta nyumbani kwenye shuka lile lile. Ma amelipapasa sikio, hakuniuliza alikuwa wapi, wala hakunitazama. Ameniambia tu nivue viatu.

Sasa hivi yuko nje ananisubiri tumrudishe kichakani, amejifunika kichwa, amempakata farasi kifuani, mvua inamnyeshea. Amekataa kunipa nimbebe. Anasema mtu aliyemaliza wilaya nzima anashindwaje kumaliza karatasi moja.

Msalimie sana shemeji, mwambie asikuache uinue hata ndoo. Sanki anakusalimu, na Ma anakusalimu kwa kunipigia kelele. Ukijibu, andika kwanza habari za mtoto, ndipo unitukane. Nitamsomea Ma yote, hata matusi, bila kuruka neno.

Ni mimi mdogo wako, niliye miguu mitupu,
Desing