Mkwe Ameketi Mlangoni pa Hoteli Yangu

Mpendwa mshauri, pokea salamu zangu mimi Jentrix wa Kitale, msichana wangu Viola anakusalimia, mjukuu wangu Ivy ameota meno mawili naye anakusalimia, mama yangu huko Sirisia hajambo ila magoti, na Nanyama tunayepika naye amesema nisimsahau. Mimi naumia. Hoteli yangu nilifungua mwaka wa themanini na tatu, napikia watu wa kwetu Bungoma wanaofanya kazi huku, kuku wa kienyeji, ugali ya wimbi, mboga ya mrenda, na mimi mwenyewe ndiye napeleka sahani mezani nikiuliza watoto wanaendeleaje. Sasa tangu Januari Bramwel, bwana ya Viola, kwao Kanduyi, alifutwa kazi, akaanza kukaa meza ya mlangoni kutoka asubuhi mpaka tufunge, chai, kuku, chai tena, na wewe unajua kwetu mkwe na mama mkwe hawaonani wakikula, hata mkono hawapeani, kwa hivyo nimebaki jikoni, napitia mlango wa nyuma kama mwizi. Sasa yeye ndiye anaamuru wafanyakazi, ametoa wimbi ameweka chipsi. Juzi Mzee Kizito, mteja wangu wa siku ya kwanza, aliuliza, "Mama yuko wapi?" Bramwel akamjibu, "Mama alizeeka bana, alirudi Sirisia." Na mimi niko nyuma ya pazia nimeshika mwiko! Nikamwambia Viola, akasema, "Si ni mila yenu, Mama? Vumilia." Nikitoka naogopa laana imshike Ivy, nikinyamaza hoteli imeenda. Tafadhali nijibu haraka, ameshanunua rangi ya kufuta jina langu ukutani.

Jentrix, Kitale

Mama Jentrix, pole, lakini pazia hilo unalishikilia mwenyewe. Ati unaogopa laana? Mkwe mwenye adabu akiona moshi wa jiko la mama mkwe wake hupita mbali. Huyu wako anashinda akila kuku wako, halafu mila imfunge nani? Wewe peke yako! Usimtume Viola tena. Viola anajua anachofanya, na hilo ndilo linakuuma kuliko chipsi. Mwite baba yake Bramwel kutoka Kanduyi, aje na mzee wa upande wenu, wamuulize mbele ya wateja: tangu lini mwanamume akafanya kwa mama mkwe kuwa mahali pa kula? Wasipofika kufikia Jumamosi, pakua sahani ya Mzee Kizito, toka, umpelekee. Anayepaswa kuinuka ni Bramwel. Viola atanuna, pengine mwezi, pengine miaka, na utafichwa mjukuu. Sikudanganyi. Toka hivyo hivyo.