Bendi ya Misumari na Ukuta Wake

Jumanne, Aprili 4

Miaka yangu sabini na sita. Nimeishi kuliko wake wawili, bomoabomoa tatu, moto wa mtaa wa Lindi, na bendi yangu yote isipokuwa Shiundu. Leo nimekunja mabati ya majiko manne kabla ya chai. Kijana gani ataweza? Hakuna.

Nikiwa kwa la tano akaingia Nduku, msichana wa gitaa kutoka Kawangware. Kichwa amenyoa upande mmoja. "Niaje, mzee wa Misumari!" Nilifurahi, sikuonyesha. Ati sisi Misumari ndio tulianza muziki wa panki hapa. Hilo neno sikulijua. Nilijua kelele. Jumamosi mchana bendi yake inapiga, na anautaka ule ukuta wetu wa mabati uliokuwa unalia. "Mzee, hiyo ukuta lazima iimbe." Nikakubali kabla hajamaliza.

Alhamisi, Aprili 6

Shule niliachia darasa la tatu lakini hii nitaandika mwenyewe, wasije wengine wakaibadilisha.

Tulikuwa watatu. Shiundu, fundi wa viatu, aliimba. Kuimba ni heshima tu, alipiga mayowe. Ouko, mpaka rangi, alishika besi. Mimi nilikuwa na pipa, nyundo na akili. Tulipigia Soweto ya hapa mtaani, kwa kibanda cha mabati. Stima ya kuiba ilikuja na waya mmoja. Wa pili, wa kurudisha stima, unajitafutia. Wengine walichimbia chuma kwa udongo. Mimi nikafunga kwa ukuta. Spika ikalia, ukuta ukalia, meno yakalia. Mmmmmm. Bendi zingine zilipiga za kucheza. Sisi watu walikimbia, halafu wakarudi na wenzao. Hakuna aliyekuwa na sauti ile. Ni yangu.

Ukigusa mabati yanakuuma kidogo. Tulicheka, tukasema ukuta una wivu. Mimi haukuwahi kuniuma hata siku moja. Nilijua ni nguvu.

Ouko alipiga ameegemea huo ukuta, miguu tupu. Alitaka kusikia besi kwa mgongo.

Ouko alikufa kwa moyo. Hivyo ndivyo tulisema.

Ijumaa, Aprili 7

Nimeenda Lindi kumwalika Shiundu. Alikuwa anashona soli. Hakuinua kichwa.

"Mutiso, hiyo waya bado unaringa nayo?"

Nikamwambia fundi ni mimi, yeye ni koo tu.

Akasema, "Siku ile ya Ouko ilinyesha." Akakata uzi kwa meno.

Mwoga. Hata zamani alikuwa mwoga. Nimerudi na hasira, nimeshindwa kula. Mawingu yamekaa upande wa Ngong tangu saa nane. Hayaendi, hayanyeshi.

Jumamosi, Aprili 8, asubuhi

Kawangware. Nimefunga waya. Mkono bado unajua kazi. Ukuta wao ni mrefu kuliko wetu, na umeanza kulia mara moja. Vijana wamepiga makofi. Mmoja akasema, "Huyu budaa ni moto!" Ni kweli.

Wamegusa, umewauma kidogo, wamecheka. Nimegusa mimi. Sikusikia kitu.

Nimekaa kwa debe nangoja saa ifike. Manyunyu yameanza.

Jumapili, Aprili 9

Jana sikumaliza. Namalizia.

Mvua ilikuja kweli. Maji yakasimama chini ya ukuta. Kuku wa jirani akaja kunywa hapo. Alianguka upande. Hakupiga bawa hata moja. Hakuna aliyemwona ila mimi. Wote walikuwa wanajipanga.

Nikaangalia miguu yangu. Gamboti. Nimevaa gamboti miaka yote ya kazi, hata siku za Misumari. Haikuwa nguvu. Ilikuwa mpira.

Nduku akavua viatu. Akaniambia ameona picha ya Ouko, ataegemea hivyo hivyo. Mguu mmoja ulikuwa tayari kwa maji. Nilichukua koleo nikakata waya.

Ukuta ukanyamaza. Watu wakapiga kelele, "Toa mzee! Toa mzee!" Mmoja alinirushia gunzi. Nduku akanishika kola, analia kwa hasira. "Umetuharibia, mzee! Kwa nini?"

Nikamwonyesha kuku. Halafu nikasema, Ouko hakufa kwa moyo.

Akaniachilia kola. Akavaa viatu. Walipiga bila spika, mayowe na mapipa tu. Ilikuwa mbaya. Nilikaa mpaka mwisho.

Jumatano, Aprili 12

Majiko mawili tu leo.

Shiundu alisikia ya Kawangware, akaja kunichukua asubuhi. Tulitembea polepole mpaka mtaa wa Olympic, kwa mjane wa Ouko. Nilimwambia yote, ya waya na ya mvua. Alikuwa anachagua maharagwe. Aliendelea kuchagua. Kisha akauliza kama Ouko aliumia sana. Nikasema hapana. Shiundu akaangalia mlango. Hatukupewa chai.

Sauti ya Misumari niliitengeneza mimi. Hilo sitoi. Na kifo cha Ouko pia ni mimi.

Asiyeamini aende Lindi amuulize Shiundu. Mlango wa bluu, vidole vyeusi kwa gundi. Atamwambia ilinyesha. Au aende kwa mjane wa Ouko. Yeye amejua leo tu.