Ukumbi Mzima Ulipogeuka Wakulima

Jumapili. Manyunyu tangu alfajiri, na ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba nyuma ya choo. Nimechoka. Ningekuwa nimebeba magunia, ningelala nikaamka mzima. Huu ni uchovu wa aina nyingine.

Jua limeshapanda huko juu ya mawingu na sijatoka chumbani. Sijaenda kanisani. Sijamwamkia Mama Adela.

Hilo la mwisho ndilo zito. Tangu nipange chumba kwa Mama Adela hapa Bugarama, sijawahi kupitisha asubuhi bila kumpa shikamoo yake. Sasa hivi yuko uani, kwenye kibanda cha jiko, anachekecha unga. Nasikia chekecheo likienda na kurudi. Nadhani naye anajua kwamba nasikia.

Majina nimeyabadilisha. Nitasoma tena kabla ya kuweka hapa mtandaoni, nihakikishe nimeyabadilisha vya kutosha.

Mimi ni karani katika kituo kidogo kinachosaidia wafanyabiashara wadogo. Napokea simu, naandika barua, nanunua maji ya wageni, na kila baada ya miezi michache naandaa kile ambacho Mkurugenzi wetu anakiita Siku ya Kufahamiana. Wazo lenyewe ni zuri. Anayeshona akutane na anayeuza vitambaa, mwenye asali akutane na mwenye duka. Lakini siku zilizopita watu walikuja, wakanywa soda, wakakaa na wale wale waliokuja nao, wakaondoka nao.

Safari hii Mkurugenzi aliniambia nizunguke mwenyewe, mlango kwa mlango. Nikazunguka. Nilifika hadi Kibimba, nyumbani, nikawasumbua hata ndugu za mama yangu. Karibu kila niliyemwalika aliuliza jambo moja kabla ya kuuliza siku yenyewe: watu wa leseni watakuwepo?

Nikajibu hapana. Sikuwa nadanganya. Nilikuwa nimeuliza ofisini nikaambiwa ni sisi kwa sisi.

Mama Adela aliniuliza zaidi ya mara moja. Mara ya mwisho alinishika mkono.

"Mwanangu, hao watu wa reseni hawaji kweli?"

"Hawaji, mama."

"Haya. Nimekuamini wewe, siyo ofisi yako."

Mama Adela anatengeneza unga wa lishe. Ulezi, mahindi, soya, karanga. Anakaanga, anapeleka mashineni, anachekecha, anafunga kwenye mifuko. Anauzia barazani, kwa wanaomfahamu tu. Hana leseni wala kibali chochote, na gari geni likisimama barabarani anafunika beseni kwa kanga na kuanza kuimba nyimbo za kwaya. Uji wake nimekunywa tangu nihamie hapa. Ni mzuri kuliko wa dukani, na sisemi hivyo kwa sababu namwogopa.

Mimi ndiye niliyemtajia Mzee Masanja. Huyu ana duka la jumla kule Nyamahanga, upande wa Biharamulo. Wazazi wake walihamia huko na ng'ombe wao kutoka Shinyanga, na yeye akaacha ng'ombe akaingia kwenye biashara. Nilipompigia kumwalika alisema anatafuta mtu wa unga wa lishe. Ule anaoletewa kutoka mjini unafika umeshaanza kunuka. Akipata mtu wa huku, atachukua kila wiki.

Nilimweleza Mama Adela jioni ile ile. Alitazama juu, kwenye bati la chumba chake linalovuja, kisha akaniuliza kama huyo mzee anapenda uji mzito au mwepesi.

Jana ndiyo ilikuwa siku yenyewe.

Ukumbi ni ule wanaofanyia harusi. Tulipewa kwa bei nafuu kwa sababu mchana kulikuwa na harusi ya watu, kwa hiyo tulipoingia wapambaji walikuwa tayari juu ya ngazi wanafunga vitambaa vya zambarau. Meza kuu ilikuwa ya bwana na bibi harusi. Mkurugenzi akakaa kwenye kiti cha bwana harusi, maua ya plastiki yakimgusa sikio, akaniita.

"Kijana, yule bwana wa leseni nimemwalika. Atakaa kule nyuma."

Nikasogea karibu naye.

"Lakini Mkurugenzi, watu niliwaambia..."

"Ndiyo maana usimtambulishe sasa. Watu wajieleze kwanza, kwa uhuru. Mimi nitamtambulisha mwisho kabisa. Akishasikia nani anafanya nini, itakuwa rahisi kuwasaidia."

Huenda alimaanisha hivyo hivyo. Mkurugenzi si mtu mbaya. Anapenda tu kuonekana na wakubwa kwamba ana watu. Nilisema sawa. Mimi husema sawa kabla sijaelewa nimekubali nini.

Akanituma mlangoni kupokea wageni, naye akaja kusimama karibu nami, akipeana mikono. Watu wakaingia. Mama Adela akaja amevaa kitenge alichokipiga pasi tangu juzi, beseni kichwani, mifuko ya unga imepangwa humo na kufunikwa kitambaa cheupe. Akanitazama kama mzazi anavyomtazama mtoto siku ya mahafali.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mzee wetu ameshafika?"

"Yuko mbele, mwenye kofia."

"Haya."

Basi. Nilikuwa na nafasi ya kuinamisha kichwa na kumwambia maneno mawili. Hata kwa Kihangaza, Mkurugenzi asingeelewa, yeye si wa huku. Lakini bega lake lilikuwa karibu na langu, nikaona ataniuliza nimemnong'oneza nini yule mama.

Nikamwacha apite.

Mimi ndiye niliyepewa kipaza sauti. Nikatambulisha meza kuu, vyeo vyote kwa mpangilio wake. Kilichofuata kilikuwa washiriki kujitambulisha, mmoja mmoja. Nikamwona Mama Adela ameshaanza kufunua kitambaa cha beseni, taratibu, ili zamu yake ikifika mifuko ionekane. Na nyuma yake, viti vichache tu, bwana wa leseni anakula andazi.

Sijui ni nani aliyesema yale maneno. Sauti ilikuwa yangu.

"Na kule nyuma, mwenye shati la bluu, ni mgeni wetu kutoka leseni. Karibu sana."

Nilisikia hata mpambaji akikata kitambaa kwa mkasi. Yule bwana akasimama mdomo ukiwa umejaa, akapunga mkono wenye andazi, akakaa. Sikugeuka kumtazama Mkurugenzi. Nilimwona kwa kisogo.

Kisha minong'ono ya Kihangaza ikapita kiti hadi kiti, na watu wakaanza kujitambulisha.

Wa kwanza ana duka la vifaa vya ujenzi ambalo linaonekana tangu ukiwa kilimani. Alisimama akasema, "Mimi ni mkulima. Mahindi." Akakaa.

Wa pili anauza simu. Mkulima, migomba.

Wa tatu ni fundi cherehani, na kwa haraka ya asubuhi alikuja na tepu ya kupimia shingoni. "Mimi nalima maharage."

"Na hiyo tepu," mtu akamuuliza kutoka nyuma, "unapimia maharage viuno?"

Watu wakacheka, hata wapambaji juu ya ngazi. Fundi naye akacheka, akaificha tepu mfukoni, lakini hakubadilisha jibu. Ikaendelea hivyo, mstari baada ya mstari. Mkulima. Mkulima. Mkulima na mfugaji wa kuku wawili. Mmoja alisema amepita tu kujikinga mvua, na mvua ilikuwa bado haijaanza.

Zamu ya Mama Adela ilipofika, niliona mguu wake ukilisukuma beseni chini ya kiti.

"Mimi ni mama wa nyumbani," alisema. "Nimemsindikiza mpangaji wangu."

Wakanipigia makofi. Mimi.

Mzee Masanja alisimama wa mwisho, akavua kofia. Ana sauti ya mtu aliyezoea kuita ng'ombe mbali. "Mimi nimetoka Nyamahanga kutafuta unga wa lishe, niliambiwa huku kuna wafanyabiashara. Kumbe ni wakulima watupu! Basi heri yenu, mna chakula." Watu wakacheka tena. Yeye hakucheka sana. Alitazama wingu dirishani, akamwomba Mkurugenzi radhi, kwamba yuko kwa pikipiki na barabara ikilowa hatafika, akatoka kabla Mkurugenzi hajaanza kuhutubia.

Alipita pembeni ya kiti cha Mama Adela. Kofia yake nusura imguse bega. Mama Adela alimfuata kwa macho mpaka mlangoni, na bwana wa leseni viti vichache nyuma yake anakunywa chai.

Ningeweza kumkimbilia. Nilikuwa na kipaza sauti mkononi na waya wake haukufika mlangoni. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa jana. Leo naiona ilivyo ndogo.

Baadaye, wakati wa supu, fundi cherehani alinishika mkono kwa mikono yote miwili. "Karani, umetuokoa. Mwingine angenyamaza." Mwenye duka la vifaa vya ujenzi akaninunulia soda ya pili. Bwana wa leseni alikuwa amekaa peke yake, viti vimemzunguka vitupu, akaniita. "Hivi kijana, mimi nanuka? Nilikuja kuwaeleza tu utaratibu ulivyo." Nikamwambia samahani. Naye nilimwonea huruma. Jana nilimwomba samahani kila mtu isipokuwa yule niliyemkosea.

Mkurugenzi aliniambia sentensi moja tu tulipokuwa tunakusanya viti: "Kumbe mkurugenzi ni wewe." Halafu jioni ukaja ujumbe kwenye simu. Jumatatu saa mbili kamili, ofisini kwake. Hakuna salamu.

Lakini si huo ulionifungia chumbani.

Tulirudi na Mama Adela kwa mguu, mvua ikianza, yeye mbele na beseni kichwani, mimi nyuma na mwavuli ambao hakuutaka. Njia nzima nilikuwa nangojea aniambie ahsante. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli. Soda ya pili ilikuwa imenipanda kichwani. Niliona nimefanya jambo la kishujaa kwa mara ya kwanza maishani, nimehatarisha kazi yangu kwa ajili yake, na kwamba yeye zaidi ya wote angeliona hilo.

Tulipofika uani alitua beseni, akafunua kitambaa, akaanza kupangusa mifuko mmoja mmoja.

"Ungeniambia mlangoni," alisema.

"Mama, Mkurugenzi alikuwa—"

"Ungeniambia mlangoni, beseni ningeliacha kwa jirani. Ningeingia na mdomo wangu mtupu. Ningekaa karibu na yule mzee, ningemwambia pembeni, tungemalizana. Wewe umengoja nimeketi, umengoja nimefunua, ndipo ukatangaza." Akafunika beseni. "Sasa nimeshasema mbele ya watu kwamba sina kitu."

Akaingia ndani.

Usiku wote nilikuwa natafuta pa kumbishia. Sijapapata. Kunong'ona kulikuwa kunatosha. Niliogopa kunong'ona, kwa sababu aliyekuwa karibu ni bosi wangu, na nilipokuja kupata ujasiri niliutumia kwenye kipaza sauti, mahali ambapo watu wote wangenisikia na kujua kwamba karani hakuwadanganya. Jina langu lilipona. Unga wake ulikuwa chini ya kiti.

Nimesoma miaka mingi, na hakuna aliyewahi kunifundisha kuogopa kwa sauti ndogo.

Namba ya Mzee Masanja ninayo. Nimeitazama tangu asubuhi. Siwezi kumpigia kimya kimya, kwa sababu Mama Adela alikana unga wake mwenyewe mbele ya bwana wa leseni, na siyo mimi wa kutangaza tena mambo yake bila kumuuliza. Nimeshatangaza vya kutosha. Kwa hiyo lazima nitoke nje. Ni hatua chache tu na naona ni safari.

Chekecheo limesimama. Sasa ninakwenda, kabla sijaandika aya nyingine ya kujichelewesha.

*

Nimerudi.

Nilimkuta anafunga mifuko kwa mshumaa, anapitisha ukingo wa plastiki kwenye moto. Manyunyu yanagonga bati. Nikasema shikamoo. Alimaliza mfuko alioushika, akaukagua, ndipo akaitikia marahaba.

Nikamwambia naomba ruhusa nimpigie Mzee Masanja.

"Utamwambia nini?"

"Kwamba unga upo. Kwamba ni mimi niliyekuharibia."

Alichukua mfuko mwingine. Nikasimama pale mvuani, nikahesabu kwamba kanikatalia, nikaanza kujiandaa kurudi ndani.

"Mwambie," alisema. "Lakini mwambie taratibu, karani. Usitumie spika."

Sikujua kama naruhusiwa kucheka. Hakucheka. Alinisogezea kikombe cha uji kwa ncha ya kijiti cha kuni, bila kuniangalia, na ulikuwa mwepesi, kama wa mgonjwa.

Nimepiga. Haipatikani. Nimepiga tena, nimesimama juu ya kigoda uani ambapo mtandao hushika, Mama Adela ananitazama sasa waziwazi. Haipatikani. Labda mvua, labda mzee amezima, labda ameshapata mtu mwingine huko njiani. Nimemtumia ujumbe, mfupi, nikausoma mara nyingi kabla ya kuutuma.

Nitampigia tena kesho nikitoka kwa Mkurugenzi, nikiwa bado karani au nikiwa mkulima, kama wenzangu wote wa jana.