Folda Uliyoifunga, Kaka

Lukole, 14 Agosti 2006

Kaka yangu mpendwa Fabrice,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na mihogo uliyopanda imeshika. Sisi huku tunapumua. Mdogo wetu Nice aliugua tetekuwanga, amepona, amebaki na madoa tu. Bibi Auleria, tunayekaa kwake tangu Mama atutoke, anakusalimu sana na kusema ukipata mbegu za maharage ya kwetu usimsahau. Mimi mwili sijambo, ila moyo haukai, na sababu utaisoma humu. Nakuandikia kwa Kiswahili cha shule kwa makusudi. Kirundi kingeniliza kabla sijafika mwisho.

Habari yenyewe ni ya ile diski ya kuchomeka yenye nyimbo za kwaya. Kompyuta ya kanisa uliyorekodia nyimbo ilipigwa radi wakati wa masika na haikuamka tena, lakini diski ilikuwa kwa Mwalimu Celestini, ameiviringishia kitenge kama kichanga. Sasa nusu ya kwaya inarudi nyumbani na msafara wa wakimbizi wa Jumatano, na Mwalimu ni mmoja wao. Akaamua kila kaya iondoke na CD ya nyimbo zetu, kwa sababu hatutaimba pamoja tena. Mimi nilikuwa na langu. Humo ndani kuna Mama akiongoza nyimbo, na Nice haikumbuki sauti yake hata kidogo.

Tulipeleka diski kituo cha vijana, kwa Ansbert, yule kijana Mhangaza, mwenyeji wa huku, anayetufundisha kompyuta. Majina ya folda yote yakaonekana, lakini kila tukibonyeza inakataa, inaandika kwa Kiingereza kwamba haturuhusiwi. Mwalimu akasema ni haki yake kukataa, mwenye mali hayupo, nyumba ya mtu haifunguliwi akiwa safarini, basi Aline amwandikie kaka yake aombe ruhusa. Ansbert akacheka, akamwambia jibu litafika kwaya imeshatawanyika. Akatueleza kwamba faili zako ulizifunga kwa jina lako kwenye kompyuta iliyokufa, na kwamba msimamizi wa kompyuta nyingine anaweza kujiandika kuwa mwenye mali, kisha akawagawia wengine ruhusa. Akaiwasha upya kompyuta ya kituo huku amebonyeza F8, ikaamka nusu nusu, hali inayoonyesha sehemu ya ruhusa, akaniachia kiti. Wewe unajua ninavyoona haya. Lakini nilifanya mwenyewe.

Ilipofika kugawa ruhusa, ndipo Mwalimu alipotuponza. Akakataa katakata ruhusa ya jumla. Alisema hakuna kitu kilichowahi kugawiwa kambini bila watu kuandikishwa, na asiyeandikishwa hulala njaa. Basi nikawafungulia wanakwaya wote majina ndani ya kompyuta, mmoja mmoja, kaya kwa kaya, mkuu wa kaya akitangulia. Xavery alitaka kuachwa nje kwa sababu amehamia kwa walokole, akina mama wa sauti ya kwanza wakamtetea, wakasema wokovu wake haujafuta besi aliyoimba. Jioni ilipofika kila mtu ameandikishwa, Mwalimu wa kwanza, na nyimbo zinafunguka. Tukafurahi.

Lakini kompyuta ya kituo haichomi CD. Inayochoma iko nyumbani kwa kina Ansbert, Nyakisasa. Jumamosi tukapata kibali cha kutoka kambini mpaka jioni, Mwalimu, mimi, na Nice nyuma ya baiskeli. Tukachomeka diski pale, ikakataa tena. Ansbert alipofungua sehemu ya ruhusa, hapakuwa na jina hata moja la mwanakwaya. Mahali pa kila jina palikuwa na namba ndefu, isiyoisha. Akatueleza kwamba majina yale yanajulikana na kompyuta ya kituo tu, na ukivuka kwenda kwa nyingine hakuna anayekufahamu. Mwalimu aliinama mbele ya kioo akauliza yeye ni ipi. Ansbert akamwonyesha ya juu kabisa. Mwalimu akaitazama weee, kisha akauliza kama namba hiyo inapokea mafuta ya kupikia. Tulicheka, yeye hakucheka sana. Baadaye akasema haya, wape wote. Nikafuta namba zote, nikajiandika upya kuwa mwenye mali, nikaweka neno moja la Kiingereza lenye maana ya kila mtu, na nikaamuru lishuke mpaka kwenye folda za ndani kabisa.

Nyimbo zikafunguka. Mama akaimba. Nice alikuwa anatafuna karanga, akauliza ni nani huyo anayepiga kelele. Nilitoka nje kidogo.

Niliporudi Ansbert alinipa vifaa vya kusikilizia masikioni, nikague faili zote kabla hajachoma. Ndipo nikafika kwenye folda uliyoiita Mama. Kaka, nilidhani ni mazoezi yake ya wimbo wa Ekaristi. Ni mazoezi kweli, halafu wimbo unakwisha na mashine haikuzimwa. Nikakusikia unamsihi apande gari la msafara pamoja nawe. Nikamsikia anakohoa kile kikohozi. Kisha akakwambia maneno ambayo nimeyasikiliza mpaka nikayashika.

“Aliyetufukuza ndiye jirani yetu mpaka leo. Siwezi kwenda kumwomba moto. Nizikwe hapa hapa. Wewe nenda, shamba la baba yako lisipotee, na watu wakiuliza, sema ni wewe uliyekataa kuningoja. Sitaki waseme nimeogopa kwetu.”

Wewe ukalia. Sikuwahi kukusikia ukilia.

Ukaondoka ukanyamaza. Na kambi nzima ikasema umemtupa mama mgonjwa. Baba mdogo Niyomugabo alisema hivyo kaburini, mbele ya watu, kwamba hata mbuzi humngoja mama yake. Mimi nilikuwa nimesimama pale, nami niliamini.

Ansbert akauliza kama kuna folda ya kuacha nje ya CD. Mwalimu alikuwa uani na Nice. Najua Mama alitaka nini, najua na wewe ulifunga kwa sababu gani, na ingenitosha kunyoosha kidole. Nilisema hakuna.

CD zimeshagawiwa, Kaka. Baba mdogo anayo ya kwake. Jana jioni alipita nje ya nyumba ya Bibi Auleria mara mbili bila kubisha hodi, sijui kama ameisikiliza. Sina raha, nakaa nasimama. Mara naona nimekuvua mzigo, mara naona nimemvua Mama nguo mbele ya watu. Bonifasia, atakayekukabidhi barua hii, yuko kwenye msafara uleule, na yeye anayo CD. Wakishuka huko wakakusalimu kwa namna nyingine, au mtu akakushika mkono akashindwa kusema, ujue ni mimi niliyewafungulia. Ukikasirika, nikasirikie mimi peke yangu, wala usiache kuniandikia.

Wasalimie majirani wote, isipokuwa yule mmoja. Kwake fanya utakavyoona. Nice anakupa mkono, Bibi Auleria anakuombea, nami nabaki kuyasikilizia magari yanayotoka upande wa huko.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Aline Akimana