Asiyelipwa Hafukuzwi

4 Februari

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na goti lako limepunguza kelele. Mimi sijambo, isipokuwa usingizi umenipa mgongo, na sababu yake ndiyo ninayotaka kukueleza, ingawa sina hakika kama nimeielewa mwenyewe.

Bado niko dirisha la nne katika ofisi ya vyeti. Hapo ndipo wanapoletwa watu ambao karatasi zao zinagombana: mwenye vyeti viwili vya kuzaliwa, mapacha walioandikishwa kama mtoto mmoja, bibi anayehesabiwa marehemu ilhali amesimama mbele yangu anakohoa. Kipindi changu cha majaribio kinaisha Juni. Mkuu wa ofisi akiandika neno moja tu, "athibitishwe", nitakuwa mtumishi wa kudumu nawe utaacha kuniwazia. Ndiyo maana kila kinachotikisika humu ndani kinanitikisa na mimi.

Jumatatu wamekuja watu wanne kutoka nje. Nje ya serikali, yaani. Serikali ilitangaza kwamba inatafuta watu wenye akili, wasio watumishi, waje kuifundisha kufanya kazi haraka, tena bila malipo. Watu waliomba kwa mamia, wakachujwa. Nimelirudia tangazo lile na bado linanizungusha kichwa. Mimi nilihangaika na usaili ili nilipwe. Wao wameshindana ili wasilipwe.

Hakuna anayejua tuwaweke wapi. Mkuu aliwauliza, "Mmetumwa na nani?"

"Hatukutumwa, tumejitolea," akajibu mmoja anayevaa raba nyeupe. Kwa siri tunamwita Bwana Raba.

"Basi mko chini ya nani?"

"Hatuko chini ya mtu."

Mkuu akafikiri kidogo, kisha akamsogezea kiti chake mwenyewe. Baadaye mama wa chai alimfuata kwenye korido. "Mkuu, hawa niwape chai ya wafanyakazi au chai ya wageni?" Mkuu akamwambia awape zote mbili.

Jana nilimsikia akimnong'oneza mhasibu, "Anayelipwa unaweza kumtisha. Hawa utawatisha na nini? Asiyelipwa hafukuzwi." Dada, mimi ninalipwa. Nifanyeje?

Mdogo wako


15 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Goti langu lina tabia kama za serikali yako: leo lipo kazini, kesho halionekani. Cherehani inakusalimu, na seremala naye anakusalimu. Juzi kaniuliza tena, lini? Nikampa jibu lile lile, mdogo wangu akithibitishwa kazini. Akasema hajawahi kusikia mwanamke anayeposwa kwa idhini ya ofisi ya vyeti. Nilicheka mpaka nikajichoma sindano, lakini msimamo wangu ni huo. Nimekulea tangu mama atuache, siwezi kuingia nyumba nyingine huku wewe unaning'inia.

Sasa hao wageni wenu. Hapa kwangu mtu anayefanya kazi bila kulipwa ni wa aina mbili. Ama ni mwanagenzi anayejifunza kushona, ama ni mtu anayekagua mlango ili arudi baadaye. Wahenga wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hao wenu wamekuja na jembe lao kabisa, sijui watamlima nani.

Lakini usijikunyate kama kifaranga kwenye mvua. Tatizo lako unafanya kazi kimya, mtu anaweza kupita mbele yako akadhani ni kabati. Wakikuuliza, waeleze. Waeleze vizuri, kila kitu, waone faida yako. Hakuna anayemtupa mtu ambaye ameshamwelewa.

Na ule. Najua ukiogopa huli.

Dada yako


20 Machi

Dada yangu,

Shikamoo, na pole kwa kuchelewa kujibu. Ninakula, usijali. Msalimie seremala.

Nimefanya ulivyosema. Bwana Raba alikuja dirishani kwangu na kompyuta yake, akaketi juu ya meza, miguu inaning'inia.

"Wewe kazi yako ni nini hasa?"

"Ninatatua mikanganyiko."

"Kwa utaratibu gani?"

Tangu niajiriwe hakuna aliyewahi kuniuliza. Utaratibu ulikuwepo, nilikuwa ninaufuata kila siku, lakini mdomoni haukutoka. Nikamwambia nitamwandikia.

Niliandika Jumamosi yote na Jumapili yote. Unanijua, siwezi kuacha kitu nusunusu. Kila aina ya mkanganyiko niliieleza: unavyoutambua, nani aitwe, aulizwe nini, akijibu hivi ufanye vile. Hatua ya kwanza kabisa niliandika: mwangalie mwombaji usoni. Kwa kweli nusu ya kazi huishia hapo.

Bwana Raba aliisoma akiwa amesimama, kisha akawaita wenzake. "Jamani, njooni muone! Huyu kaandika kila kitu. Mtu yeyote anaweza kuifanya!" Akanipa mkono, akautikisa kwa muda mrefu. "Asante sana. Hujui umetuokolea nini."

Mkuu alinipongeza mbele ya ofisi nzima, akatangaza kwamba mwongozo wangu utatumika nchi nzima. Watu wakapiga makofi. Mhasibu peke yake hakupiga. Aliniangalia kama watu wanavyomwangalia mgonjwa ambaye hajaambiwa.

Nimefurahi. Nadhani nimefurahi.

Mdogo wako


2 Aprili

Mdogo wangu, fahari yangu,

Nchi nzima! Barua yako nimeisoma nimesimama, nikaisoma nimekaa, nikampelekea jirani akaisoma kwa sauti kwa kuwa yeye ana sauti ya mahubiri. Kama huko si kuthibitishwa, basi mimi sijui maana ya neno hilo. Karatasi hufuata nyuma, zina miguu mifupi. Mkuu hawezi kukusifu mbele ya watu halafu akakuacha.

Nimemwambia seremala ndiyo.

Alikuwa anapiga randa. Akaacha, akaketi bila kutazama kwenye kiti ambacho gundi yake haijakauka, kikamvunjikia chini. Akabaki pale pale sakafuni akisema, "Rudia, sikusikia vizuri." Nikarudia.

Harusi ni Jumamosi ya tatu ya Mei. Baba na mama hawapo, kwa hiyo wewe ndiye utakayesimama upande wangu. Suti yako nimeishona kwa kipimo cha mwaka jana; kama umekonda, shauri yako. Nijibu haraka.

Dada yako


30 Mei

Mdogo wangu,

U hali gani? Leo nauliza nikitaka jibu.

Barua ya Aprili hukujibu. Ya Mei hukujibu. Nilikuwekea kiti, kikakaa wazi mpaka mpiga picha akaniomba kwa adabu kiondolewe. Watu wakauliza, nikasema serikali haiwezi kukaa bila wewe hata siku moja. Wakaamini. Mimi nilitabasamu kwenye picha zote, na kwenye picha zote nimepotoka shingo, natazama mlangoni.

Kama unaumwa, sema. Kama umekasirika kwamba sikungoja karatasi, sema pia. Usinyamaze tu.

Dada yako, ambaye sasa ni mke wa mtu lakini bado ni dada yako


19 Juni

Dada yangu,

Shikamoo. Nisamehe. Siumwi, wala sikukasirika. Sikuweza kusimama upande wako huku watu wakinipongeza kwa kazi ambayo sina.

Mwongozo wangu waliuingiza kwenye kompyuta. Hatua ya kwanza, ile ya kumwangalia mtu usoni, waliifuta kwa sababu inakula muda. Mwisho wa Aprili dirisha la nne likafungwa, wakaweka mashine mlangoni ili watu wajihudumie. Mkuu akaniita. Alikuwa na huruma ya kweli, hata miwani aliivua.

"Siwezi kukuthibitisha," alisema.

"Nimekosa nini, Mkuu?"

"Hujakosa kitu. Sifa zako ni nzuri mno. Ila mtu huthibitishwa kwenye nafasi, na nafasi yako haipo tena."

Nilikaa chumbani wiki kadhaa. Kila asubuhi nilivaa shati la kazi, sijui kwa nini. Barua yako ya harusi ilikuwa mezani, suti ilikuja na basi, imenienea vizuri sana. Kila nikishika kalamu nilijiuliza nikuambie kabla hujaolewa, uahirishe, au nikuache uolewe kwa furaha isiyo na msingi. Nikachagua kutokuchagua.

Kisha Mkuu akanipigia simu, akiomba niende haraka. Unamkumbuka yule bibi anayehesabiwa marehemu? Hospitali imekataa kumpasua mtoto wa jicho mpaka awe hai kwenye karatasi. Kila akiingiza namba yake, mashine inamjibu: "Mwombaji amefariki. Ombi limefungwa. Asante." Akaamua kuketi chini ya dirisha la nne na kutoondoka. Nilimkuta akimwambia Mkuu, "Basi mnizike, lakini mnizikie hapa hapa, nisije nikapoteza nafasi yangu kwenye foleni." Nyuma yake walikuwa wamejaa wengine mpaka barabarani.

"Kukulipa siwezi," Mkuu akaniambia, "lakini nafasi za kujitolea zipo." Nikasaini pale pale, bibi akinikodolea jicho lake moja linaloona.

Dada, siku hiyo hiyo mambo yakageuka. Niliingia kwa mlango ule ule, Mkuu akasimama, akanisogezea kiti. Mama wa chai akaniletea chai mbili. Nilipokuwa ninalipwa nilikuwa kabati, kama ulivyosema. Sasa kila mtu ananiuliza, "Unaonaje wewe?" Bibi nilimfufua kabla ya wiki kwisha, kumbe aliyefariki ni wifi yake, waliandikishwa kwa namba moja. Alinishukuru, kisha akanitukana kwa kumchelewesha.

Bwana Raba akaniomba pendekezo la kuongeza ufanisi. Nikaandika: dirisha la nne lifunguliwe, akae mtu, alipwe. Likakubaliwa kabla ya chakula cha mchana, kwa sababu limetoka kwa mtu wa nje. Nikakimbilia kwa Mkuu kuuliza namna ya kuomba hiyo kazi.

Akashika kichwa. "Huwezi. Aliyejitolea haruhusiwi kunufaika na pendekezo lake mwenyewe. Ulisaini."

"Sasa nifanyeje?"

"Liondoe pendekezo. Ukiliondoa utakuwa huru kuomba."

"Kuomba kazi ipi?"

"Hiyo."

"Lakini nikiliondoa haitakuwepo."

"Ndiyo. Lakini utakuwa huru. Na utabaki nasi kwa kujitolea, mwakani nani ajuaye?"

Nimepewa hadi mwisho wa mwezi. Nikiliondoa ninabaki, chai mbili na heshima, dirisha limefungwa. Nikiliacha, dirisha linafunguka, anakaa mwingine, na mimi sina tena cha kufanya pale. Dada, nimekosea wapi?

Mdogo wako


25 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba, mjinga wangu wa dhahabu. Nilipoanza kuisoma barua yako nilitaka nipande basi nije nikuzabe kofi. Nilipofika katikati nikataka nije nimzabe mwingine, lakini sikumwona wa kumzaba. Shemeji yako kaniomba nirudie mahali pa chai mbili. Kacheka, halafu akatoka nje akakaa huko kwa muda.

Sikiliza. Harusi yetu watu walikuja kula, hawakuja kukagua ajira yako. Ningeolewa tu. Nilikuwa nimechoka kuingoja serikali, wewe ulinipa sababu, basi. Na usiniulize umekosea wapi. Mimi ndiye niliyekwambia uwaeleze kila kitu, tena vizuri.

Hilo pendekezo sikushauri. Ni lako, na mara ya mwisho niliposhauri unaona tulipo. Ila nataka jambo moja: nitajie aliyekufukuza. Kila mtu ana wake. Shemeji yako alifukuzwa kiwandani na msimamizi mwenye meno mapana, na hadi leo akipiga msumari anamkumbuka yule, unaingia mara moja. Inamsaidia. Nawe unahitaji wako, la sivyo utajila mwenyewe.

Nyuma ya karakana kuna chumba. Kinanuka mbao, lakini dirisha lake linafunguka.

Dada yako


5 Julai

Dada yangu,

Shikamoo, na shemeji naye shikamoo yake, nikiwa nimechelewa kumpa. Natumaini goti linaendelea vizuri na nyumba mpya.

Sikuliondoa. Siku ya mwisho Mkuu alikuja mwenyewe kuniuliza, nikatikisa kichwa tu, kwa kuwa nilijua nikifungua mdomo nitakubali. Wameajiri binti mmoja. Jana alikuja kuonyeshwa dirisha, na kabla hajaketi watu walikuwa wameshajipanga. Alinitazama kama anayetaka kuuliza kitu, lakini sikujua nimjibu kama nani, nikamsalimia nikatoka. Bwana Raba na wenzake nao wameondoka. Walisema muda wao wa kujitolea umekwisha. Tuliwapigia makofi. Mashine wameiacha mlangoni, bado inashukuru watu.

Nitafika Jumamosi na basi la mchana. Suti nitakuja nimeivaa, upige picha nyingine kama mpiga picha hajakasirika.

Umeniagiza nikutajie aliyenifukuza. Nimetafuta kwa uangalifu, nisije nikamsingizia mtu. Bwana Raba hakunifukuza, alinipa mkono. Mkuu hakunifukuza, karibu alie. Nikasema basi ni ile kanuni. Nimeisoma vizuri, imewekwa kuwazuia wezi, hata mimi ningeiandika. Nimerudi nyuma hatua kwa hatua mpaka siku ya kwanza. Kila mlango niliotokea niliufungua kwa mkono wangu mwenyewe, na kila mara kulikuwa na mtu pembeni wa kuniambia asante.

Kwa hiyo sina, dada. Mwulize shemeji, nikianza kujifunza kupiga misumari, kama anaweza kuniazima yule wa kwake.

Mdogo wako