Mama wa Msimamizi wa Kifusi

4 Februari

Mama mpendwa,
Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Sisi wazima, ila mkwe wako anaumwa na mtoto hana wa kumwangalia. Njoo ukae kwetu. Dereva atakufuata Jumamosi. Usiage majirani, watakuchelewesha.
Mwanao

7 Februari

Mwanangu,
Marahaba. Mgongo upo, unanikumbusha niliyembeba. Huyo mgonjwa nimemwona jana sokoni akigombania bei ya nyanya, sauti inafika stendi. Sema kweli, baba. Tangu mgodi uanze kumwaga tope linalobaki baada ya kuosha makaa ya mawe juu ya kifusi cha mawe, ukuta wangu wa nyuma haukauki. Wakubwa wako wamekula nyama, mifupa wameirundika juu ya vichwa vyetu. Majirani walipotaka kuhama mwaka jana uliwaambia, "Mama yangu mzazi analala hapo chini, ningemwacha?" Wakabaki. Mimi ndiye dhamana yako.
Mama yako

12 Februari

Mama,
Shikamoo. Nisamehe uongo ule. Mfereji wa chini umeziba, maji yamejaa ndani ya kifusi. Mvua kubwa ikija, kitashuka. Nimewaeleza wakubwa, wanasema kuhamisha watu ni kukiri kosa. Nina watoto wanasoma, mama. Njoo peke yako, na tafadhali funga mdomo.
Mwanao

14 Februari

Mwanangu,
Marahaba. Mdomo niliufungua bombani jana asubuhi, foleni ikiwa ndefu. Kisha nikajitwika godoro, nikatangulia. Mama wa msimamizi akihama, nani abaki? Tumelala madarasani. Leta lile gari lako, kuna mzee haoni na vitu vyake bado viko bondeni.
Mama yako

16 Februari

Kwa wakazi wote wa bondeni,
Kifusi kimekaguliwa na ni salama. Mnaombwa kupuuza uvumi unaoenezwa na bibi mmoja, na kurejea majumbani mwenu.
Msimamizi wa Kifusi

25 Februari

Ndugu Msimamizi,
Shikamoo. Natumaini u mzima, na wakubwa wako hawajambo.
Tangazo lako tulisomewa. Wengi walinitazama mimi, wakabaki shuleni. Fundi cherehani alikutazama wewe. "Huyu nimekaa naye dawati moja," alisema. "Atatudanganyaje?" Akarudi nyumbani na mkewe. Mvua ilianza alfajiri ya juzi, kifusi kikashuka. Tope lile ni jeusi na zito kama saruji mbichi. Koleo likizama, halitoki. Dereva wako alichimba pamoja nasi mpaka mikono ikachubuka.
Leo tumewazika. Tumechagua upande wa juu, ambako hakuna kitu chenu kitakachowafikia.
Mkazi wa Bondeni