Mama Mdogo Anayelala Kwetu

Buguruni, Dar es Salaam
Jumapili mchana

Baba Kabula mume wangu,

Mwadila. Kama barua hii imekukuta sokoni, ikunje uitie mfukoni ukaisomee nyumbani, maana wateja wako wa samaki hapo Lamadi wana macho marefu. Mayu mama mkwe wangu anaendeleaje na goti lake? Na Kabula, kile kikohozi kimemwachia? Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio ulikuwa unaumwa, ndiyo sababu nimeshika kalamu. Kwenye simu ningepandisha sauti, na wewe ungesema mtandao unakata.

Kazi zipo, tena zinasongamana. Jumatatu mpaka Alhamisi tunashuti ile tamthilia ninayocheza dada wa kazi. Ijumaa na Jumamosi nacheza ngoma kwenye maharusi na kikundi chetu. Tukimaliza mapema, nakimbilia usaili. Huko unapanga foleni, unabandikwa namba kifuani kama ng'ombe wa mnadani, unaingia, unalia machozi dakika mbili, unaambiwa asante, tutakupigia. Hata nguo nafua huku nakariri maneno. Katika yote hayo saa yangu mwenyewe ni moja tu, saa kumi na moja jioni, nikimpigia Mayu kwenye kitochi chake niongee na mwanangu.

Sasa nikwambie lililonipata, na usinicheke mpaka ufike mwisho.

Wiki tatu zilizopita, Mayu aliporudi kutoka msibani Kiloleli, nilimuuliza Kabula alikuwa analala na nani siku zile. Akasema, "Na baba na mama mdogo."

Nikajua ni mdogo wangu Minza amekuja kukusaidia. Nikafurahi, nikampigia Bariadi kumwambia wabeja, asante. Minza akashangaa. Lamadi hajakanyaga tangu msimu wa pamba uliopita, na kama kuna mama mdogo huko, niulize vizuri, siyo yeye.

Baba Kabula, unajua na mimi najua. Mama mdogo yupo wa aina mbili: anayezaliwa na bibi yako, na anayeletwa na baba yako. Wa kwanza alikuwa Bariadi.

Nikaanza kuchunguza. Kukuuliza wewe sikutaka, mwanaume akiulizwa hujipanga. Nikawa namuuliza mtoto, kidogo kidogo. Mama mdogo anavaaje? Gauni la bluu. Anapika? Hapiki, anaosha vyombo tu. Anakupenda? Haongei na mimi. Hilo ndilo lilinichoma, mwanamke akae kwangu, aoshe vyombo vyangu, halafu mwanangu asimsemeshe. Na nilipokupigia wewe ukasema umechoka unataka kulala, nikasikia sauti ya mwanamke nyuma yako. Ukasema ni redio. Sauti yenyewe sikuipenda hata kidogo.

Nikamweleza Mwanaidi, anayetupaka vipodozi kazini. Yeye hakupepesa. "Msukuma wewe, umemwachia mwanaume nyumba na samaki, ulitegemea nini? Mke mwenzio huyo. Nenda ukamtoe, au nyamaza mle naye." Watu wa pwani hawaishi kututania, ila siku hiyo sikucheka. Nilikosea maneno mbele ya kamera mara nne, dairekta akauliza akili nimeiacha wapi. Nikamjibu kimoyomoyo, Lamadi.

Alhamisi iliyopita kulikuwa na usaili mkubwa. Ni tamthilia mpya, itashutiwa Arusha miezi minane. Namba yangu ilikuwa sitini na nne, na saa kumi na moja ilinikuta bado kwenye foleni. Nikapiga hapo hapo. Kabula akaniambia kwa huruma, "Mama, mama mdogo jana alilia."

Nikamuuliza kama baba ndiye kampiga. Nakwambia kweli, hata huyo mwanamke nilishaanza kumwonea huruma.

"Hapana. Bibi wa miwani kammwagia maji ya vyombo."

Maji hayo nayajua. Yalikuwa ya baridi, yana sabuni, yaliniingia machoni na tulirudia mbele ya kamera mara tatu. Gauni la bluu ndilo langu la kazini, na bibi wa miwani ndiye bosi wangu kwenye tamthilia.

Nikamwomba Mayu ashike simu, nikamuuliza. Alicheka mpaka akakohoa. Akasema umenunua simu kubwa, kila jioni unailaza kwenye mto, wewe na mtoto mnaniangalia mimi kwenye tamthilia. Yeye alishamwambia Kabula huyo ndiye mama yake, mtoto akakataa katakata. Mama yuko kwenye kitochi, akiulizwa anajibu. Huyu hajibu, halafu ni mdogo, anaenea kwenye kiganja. Basi ni mama mdogo. Mayu akaongeza, "Na mumeo, pale dereva anapokushika mkono, anarudisha nyuma aangalie tena. Chakula kinapoa."

Kumbe tulikuwa tunachunguzana wawili. Yule anayecheza dereva ni babu wa watu, ana wajukuu watatu, na mkono wake unanuka vitunguu. Ungeniuliza. Na mimi ningekuuliza. Ila kama ile sauti ilikuwa yangu, kwa nini ulisema ni redio? Hilo sijalimaliza, ukinijibu uanze nalo.

Pale foleni nilicheka, watu wakanitazama. Halafu kicheko kikakatika. Mwaka na miezi miwili tangu niondoke, Baba Kabula. Sauti yangu ni mama, sura yangu ni mtu mwingine.

Nikaitwa. Nililia vizuri, hawakunihimiza. Kisha mama mmoja pale mezani akauliza kama kuna chochote cha kunizuia kukaa Arusha. Siku zote najibu hakuna, maana hawapendi wenye watoto wadogo. Safari hii nikasema, "Nina mtoto anaelekea miaka mitatu. Mkinichukua, nakuja naye." Wakatazamana. Mmoja akaandika kitu, akafunika karatasi kwa mkono. Karatasi ile naishuku mpaka leo. Wakasema tutakupigia. Huenda wakapiga kweli, mimi sijakata tamaa.

Ila sikai kusubiri. Tamthilia inapumzika siku kumi na mbili, na kikundi kimeniruhusu. Napanda basi Jumanne ya wiki ijayo.

Nisalimie Mayu, mwambie namletea dawa ya kuchua goti. Msalimie dada yako wa Mwamapalala anayetulishia ng'ombe wetu wawili. Barua inabebwa na jirani yangu anayesafiri kesho kwenda Bariadi, atamkabidhi Minza. Minza mdogo wangu, kama umeifungua njiani, nitajua.

Nina ombi moja. Nikifika, usimwambie Kabula mimi ni nani, wala Mayu asimwambie. Simu izime. Nitakaa kwenye kigoda pale nje, aniangalie mpaka achoke. Akiniita mama mdogo nitaitika, akiniita shangazi nitaitika. Nitaitika kila jina mpaka alifikie lenyewe.

Mkeo,
Mama Kabula